Anafukuzwa na Nani?

Ukipanda mathree ya mapema kuingia mjini Nyeri, kabla jua halijapenya ukungu, utawaona tu. Kuna mzee wa trakisuti ya kijani anayetembea kwa kasi, mikono ikikata hewa kama mtu anayegombana na jirani. Kuna wasichana wawili wanaokimbia sambamba, mmoja ameshika simu inayomulika njia. Kuna jamaa mnene wa makamo ambaye kila baada ya nguzo mbili za stima anasimama, anashika magoti, anavuta pumzi, kisha anaanza tena. Mjini kwenyewe, katika bustani ya Whispers, mama mmoja ameweka mguu juu ya ukingo wa saruji ananyoosha misuli, mkoba wake wa kazi ukiwa chini kando yake.

Majina yao hatuyajui. Baada ya miezi kadhaa tunawajua kwa raba zao, kwa kofia zao za marvin, kwa mwendo. Siku jamaa mnene akikosekana, unajikuta umegeuka dirishani kumtafuta. Akionekana tena wiki inayofuata unapata furaha ndogo ambayo huwezi kumweleza mtu. Yeye hajui kama upo. Makanga anaitisha nauli, gari linapita, basi.

Lakini ukiketi na shosho aliyezaliwa kabla ya uhuru, kuna siku utamsikia akiuliza, nusu kwa utani: huyo naye anafukuzwa na nani? Gari zima litacheka. Sisi tuliokulia kwenye simu tunaliona swali hilo kuwa la mtu asiyejua mambo ya afya. Mimi nadhani tulichukue kwa uzito. Katika mji huu swali hilo liliwahi kuwa na jibu. Kwa miaka mingi, Mwafrika aliyekimbia alfajiri Nyeri alikuwa anafukuzwa na mtu kweli, na aliyekuwa akimtazama alikuwa kazini.

Tuanze na kutembea, kabla hatujafika kwenye kukimbia.

Waingereza walijenga boma lao Nyeri mwaka wa 1902. Mwaka wa 1915 ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Hiyo ndiyo iliyoleta kipande. Mwanaume mzima alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Polisi akikusimamisha, kipande kilijibu maswali matatu: wewe ni nani, unamfanyia nani kazi, na umeruhusiwa kuondoka huko? Ukitafakari utaona kwamba karatasi ile ilikuwa na wazo ndani yake. Ilisema kwamba mwili wa Mwafrika una sababu moja tu ya kuwa barabarani, nayo ni kazi ya mtu mwingine.

Bila shaka miili haikukaa bure. Wanawake walibeba kuni na maji kupanda na kushuka mabonde yaleyale yanayotutoa jasho leo. Vijana walicheza ngoma hadi usiku. Ila hakuna aliyeita hayo mazoezi. Mazoezi, kwa maana ya mtu kuuchosha mwili wake kwa makusudi, kwa faida yake mwenyewe, yalikuwepo Nyeri. Yalikuwa tu upande wa pili wa ua.

Mfano wake umelala mjini hapa hadi leo. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya viwanja vya hoteli ya Outspan. Kitabu chake cha mwaka wa 1908, kilichoanzisha Skauti duniani, kina sehemu inayowafundisha wavulana mazoezi ya viungo ya kila siku: kusugua kichwa na shingo, kupinda kiuno, kugusa vidole vya miguu, kuvuta pumzi kwa kina. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa katika makaburi ya kanisa la St Peter's. Juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, ishara ya Skauti inayomaanisha kwamba aliyeiacha ameenda nyumbani. Maskauti hutoka nchi za mbali kuja kulipigia saluti jiwe hilo. Kwa hiyo mmoja wa wahubiri wakubwa wa mazoezi ya asubuhi katika karne iliyopita alizikwa Nyeri, na wakati anazikwa, wanaume wengi wa Nyeri hawakuweza kutoka nje bila kikopo shingoni.

Miaka miwili baadaye, upande wa Nanyuki, kikatokea kisa ambacho wapenda milima wanakisimulia mpaka leo. Waingereza walikuwa wamejenga kambi pale ya kuwafungia Waitaliano waliotekwa vitani. Mfungwa mmoja, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama Mlima Kenya kutoka nyuma ya waya hadi akashindwa kuvumilia. Januari 1943, yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka. Walikuwa na vifaa vya kupandia walivyojitengenezea kambini kwa vyuma vya kuokotaokota. Hawakutaka kurudi Italia. Walitaka kupanda mlima tu. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, wakateremka, wakarudi kambini wenyewe. Adhabu yao ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yake. Mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku 7, kwa kuwa aliheshimu moyo wao wa kimichezo.

Mimi nakipenda kisa hiki. Ni watu waliochoka kufungwa wakaamua kuutumia mwili kukumbuka kwamba bado ni watu. Ila kaa nacho kidogo, halafu songa mbele miaka kumi.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la Hali ya Hatari. Miezi michache baadaye msitu wa Nyandarua ukatangazwa eneo lililopigwa marufuku. Mwafrika aliyeonekana ndani yake angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa anafanya nini. Hakukuwa na nafasi ya kujieleza, na moyo wa kimichezo haukuulizwa.

Kisha vikaja vijiji, ichagi kama wazee wanavyoviita. Kuanzia katikati ya 1954, katika muda wa mwaka mmoja na kitu, zaidi ya watu milioni 1 wa Ukikuyu walibomolewa nyumba zao zilizotawanyika kwenye vilima na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Watu walijenga vibanda vyao wenyewe, kwa haraka, chini ya usimamizi wa askari na ngati, yaani wale walinzi wa upande wa serikali. Karibu na kijiji palikuwa na kituo cha ngati chenye mnara. Usiku kulikuwa na kafyu. Kijiji kikishukiwa kuwapelekea chakula wapiganaji wa msituni, kafyu ingeweza kurefushwa hadi saa 23 kwa siku, na watu wakabaki na saa moja ya kuchota maji na kutafuta chochote cha kupika.

Mchana miili ilifanyishwa kazi. Pembeni mwa msitu ulichimbwa mtaro wa takriban kilomita 80, ukajazwa miti na mianzi iliyochongwa ncha, ili wa msituni wasitoke na wa vijijini wasiingie. Sehemu kubwa ya wachimbaji walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Hawakulipwa. Ukisikia shosho akimshangaa mtu anayetafuta jasho kwa hiari, kumbuka kwamba huenda mama yake alitolewa jasho lile kwa kiboko.

Sasa turudi kwenye kutazama, maana hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi tulioketi dirishani. Mtu wa kwenye mnara aliwekwa pale kutazama watu. Alitazama barabara na pindo la msitu, na alichotafuta hasa ni kile tunachokitazama sisi kila asubuhi: mtu asiyejulikana, peke yake, anayekwenda kasi, saa ambayo watu wengine hawajatoka. Kulikuwa pia na gakunia, mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Hakusema neno. Akitikisa kichwa, umekwenda, na familia yako haikujua ni nani aliyekutazama.

Wengi wetu tuna babu au nyanya aliyepita mbele ya macho yale. Wengine tuna babu aliyekuwa ndani ya gunia. Hilo halisemwi sana kwenye meza ya chakula cha Krismasi, lakini miji yetu imejaa familia za pande zote mbili, na tunapanda matatu moja.

Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, mwanaume mmoja aliyevaa ngozi ya chui alitoka msituni karibu na Karuna-ini, hapa Nyeri, akiwa na njaa. Askari wa doria walimwona. Akakimbia. Risasi ikampata mguuni. Alikuwa Dedan Kimathi. Alishtakiwa mahakamani Nyeri mwezi uliofuata, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Leo kuna uwanja mjini wenye jina lake. Ukitafuta mkimbiaji wa alfajiri mashuhuri kuliko wote katika historia ya Nyeri, ni huyo, na kila mtu alijua anafukuzwa na nani.

Baada ya uhuru wa Desemba 1963, wapiganaji waliokuwa bado msituni walitoka, nywele ndefu, silaha mkononi, wakazikabidhi katika uwanja wa Ruring'u. Sipiti pale bila kufikiria hilo. Uwanja unajulikana zaidi siku hizi kwa ukarabati wake ulioanza na kukwama. Lakini ndipo watu waliokuwa wameishi kwa kukimbia walipoambiwa kwamba sasa wanaweza kusimama.

Kukimbia kwenyewe kukabadilika maana pole pole. Katika chuo cha polisi cha Kiganjo, nje kidogo ya mji, alikuwepo mkufunzi wa mazoezi aitwaye Kipchoge Keino. Mwaka wa 1965 alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 na ile ya mita 5,000, na mwaka wa 1968 akashinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Mexico. Ile sare ya polisi, iliyowahi kuwafukuza watu kwenye barabara hizi, sasa ikawa inakimbia yenyewe, na taifa zima linaishangilia. Baadaye akatokea binti wa Gatunganga, Catherine Ndereba, aliyeajiriwa na idara ya magereza. Alishinda Boston mara nne, na mwaka wa 2001 kule Chicago akakimbia marathoni kwa saa 2 dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Nyahururu nayo ikamtoa John Ngugi, kisha Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni ya Beijing 2008.

Hao walituzoesha kuona mtu anakimbia. Lakini mbio zao zilikuwa na sababu ambayo hata kipande kingeikubali: ni kazi. Kuna medali, kuna mshahara, kuna shamba litanunuliwa. Mtu akiuliza anakimbilia wapi, jibu lipo.

Jamaa wetu mnene hana jibu la namna hiyo. Hakuna mashindano yanayomsubiri. Labda daktari amemtajia presha, labda suruali zimembana, labda nyumbani kuna kelele na nusu saa hii ndiyo yake peke yake. Mama wa Whispers naye hana cha kuonyesha mtu. Wao ni kitu kipya kwenye barabara hizi: watu wanaoutumia mwili wao bila kumpa mtu yeyote sababu.

Upya huo ulihitaji mahali pa kufanyikia, na mahali hapo palipiganiwa. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940. Mwaka wa 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kusoma. Wabunge walimkejeli bungeni, hadi talaka yake wakaitaja. Jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa na kutolewa damu akitetea msitu wa Karura, ambao leo umejaa wakimbiaji wikendi. Alichokuwa akisema ni rahisi: mtu asiye na pesa naye anahitaji mahali pa kukaa, kutembea na kupumua bila kuulizwa anatafuta nini. Na hiyo bustani yetu ya Whispers ina jina la safu ya gazeti iliyomfanya Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, apendwe nchi nzima. Yeye mwenyewe alifungwa miaka ya 1980 kwa tuhuma za kisiasa. Mtu anaponyoosha miguu pale, ananyoosha mahali penye jina la mtu aliyejua seli ilivyo finyu.

Uhuru huu ni mchanga kuliko tunavyodhani, na tumeshaupoteza mara moja tukiona. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilirudi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya korona. Sababu ilikuwa tofauti, na hakuna anayeweza kulinganisha barakoa na gunia. Bado, siku zile za mwanzo kulikuwa na virungu barabarani, na wazee wa huku walilitamka neno kafyu kwa sauti ambayo sisi hatukuwa nayo. Vipasha habari vya wakimbiaji vikawa vimya. Watu walizunguka ndani ya ploti zao kama kuku. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, katika uwanja wa Wang'uru, Kirinyaga. Hali ya Hatari ilitangazwa 20 Oktoba. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba, chini ya mlima uleule. Sijui kama aliyepanga ratiba alilifikiria hilo, ila wazee waliokuwa wakisikiliza redio hawakuhitaji kukumbushwa tarehe.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana waliandamana Nyeri na miji mingine kupinga Mswada wa Fedha, na wengi wetu tukajifunza kukimbia kwa mtindo wa zamani: kutoka kwa moshi, kuelekea popote. Miezi iliyofuata vijana walinyakuliwa barabarani na watu wasiojitambulisha, kwenye magari yasiyojulikana. Kijana aliyevaa hudi na kutoka kukimbia gizani wakati ule alijua kwamba anatazamwa kwa jicho jingine. Swali la shosho lilikuwa limerudi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana nauthamini ule utazamaji wetu wa dirishani, hata kama unaonekana ni uvivu wa abiria. Tunamwona mtu tusiyemjua, anakwenda kasi, alfajiri, bila mzigo, bila sare. Hatumripoti wala kumsimamisha. Hatumdai kipande. Tunahesabu tu nguzo anazofikisha kabla ya kupumzika, na tukiona zimekuwa tatu badala ya mbili tunamfurahia kimya kimya. Nyanya zetu walitazamwa na watu waliotaka kujua majina yao. Kuacha kujua jina la mtu, na bado kumtakia mema, ni jambo ambalo mji huu ulilazimika kujifunza upya.

Halijaisha, lakini. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu, kwa hiyo mzee wa trakisuti ya kijani hushuka mtaroni kila tunapopita. Na wale wasichana wawili hawakimbii pamoja kwa sababu ya urafiki peke yake. Ukiwaangalia vizuri utaona wa nyuma anageuza shingo kila baada ya hatua kadhaa, na ile simu inamulika vichaka zaidi kuliko inavyomulika lami. Wakisikia pikipiki inapunguza mwendo nyuma yao, wanasogeleana. Jamaa mnene hajawahi kugeuka. Kwake swali la shosho limekuwa utani. Kwao bado ni swali, na wanalijibu kila asubuhi kwa kutoka nyumbani wakiwa wawili.